NYUMBA YA IBADA IKIGEUKA NYUMBA YA WAGENI: TUMLAUMU NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na sahaba zake, na kila anayeufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika mji wetu wa Chake Chake, uliokaa juu ya kilima mbele ya hori la bahari, ipo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kulingania dini isiyokuwa yetu. Ilikuwa nyumba ya misheni ya Wakweka, Wakristo wa Uingereza wanaojiita Jumuiya ya Marafiki. Miaka ya mwanzo ya 2000 nyumba hiyo ilikuwa imeshageuzwa nyumba ya wageni. Vitabu vya kuongozea watalii viliitaja kwa jina la Old Mission Lodge, yaani nyumba ya zamani ya misheni, na Wazungu waliokuja Pemba kupiga mbizi walilala humo. Palipokuwa pakisomwa Injili pakatandikwa vitanda vya kukodi.

Kila zinapotajwa habari za mahoteli ya pwani, kadhia hii hurudi barazani, na watu hugawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza husema: hayo ndiyo malipo yao, walikuja kututoa katika dini yetu, na leo nyumba yao haina hata anayesali. Kundi la pili husema: nyumba ile ni najisi, Muislamu haruhusiwi kuikanyaga, sembuse kulala. Kundi la tatu husema: jengo ni mawe na chokaa, na pesa haina dini, kila palipo na mgeni pana riziki.

Sisi tunasema, na tunamuomba Mwenyezi Mungu atuongoze katika tunayoyasema, kwamba makundi yote matatu yamekosea. La kwanza limekosea kwa kiburi, la pili kwa ujinga, na la tatu kwa tamaa. Na wote kwa pamoja wameghafilika na swali lililo muhimu zaidi, ambalo halihusu nyumba ya Wakweka hata kidogo. Linatuhusu sisi.

KWA NINI WALIKUJA?

Anayewacheka Wakweka na aanze kwa kujiuliza ni kitu gani kilichowaleta Pemba. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi za dola ya Zanzibar zilitoka katika kisiwa chetu, na mashamba hayo yalilimwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Muhammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuiondolea utumwa nguvu ya kisheria. Lakini mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimlazimu aende mwenyewe kuudai, mabwana walilipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909.

Ni katika mwaka huo huo wa 1897 Wakweka walipofika. Theodore Burtt na wenzake walipata shamba Banani, karibu na Chake Chake, wakawaajiri walioachwa huru kwa ujira, wakawapa makaazi, wakafungua skuli, na pamoja na hayo yote wakawasomea Injili. Hatusemi kuwa nia yao ilikuwa ni huruma tupu. Walikuja kulingania dini yao na hawakuficha. Lakini tuseme kweli, kwani kweli hata ikiwa chungu ndiyo tuliyoamrishwa: mlango waliopitia tuliufungua sisi.

Ndani ya Suratul-Balad Mwenyezi Mungu ameitaja njia ya mlimani iliyo nzito, na la kwanza alilolitaja katika njia hiyo ni kumuacha huru mtumwa. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, amewawekea fungu katika Zaka. Katika Suratun-Nur, aya ya 33, ameamrisha mtumwa anayetaka kuandikiana na bwana wake ili ajikomboe akubaliwe, na asaidiwe kwa mali. Mashamba ya Pemba yalikuwa ya watu waliosali na kufunga, na aya hizi zilikuwa zikisomwa katika misikiti yao. Wapo waliowaacha huru watumwa wao kwa kutaka radhi za Mola wao, na ujira wao uko kwake. Lakini kwa ujumla Kitabu kilisomwa na shamba likaendeshwa kana kwamba hakikusomwa. Akaja mtu wa dini nyingine kutoka ng'ambo, akalichukua jambo ambalo lilikuwa letu kulifanya, akalifanya kwa jina la dini yake.

Hii ndiyo sababu hatuwezi kuicheka nyumba ile. Ilijengwa kwa mawe ya upungufu wetu. Na wala Wakweka hawakuondoka bila ya mavuno kwa sababu ya hoja zetu kali. Watu wa Pemba walibaki na Uislamu wao kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Anayejifakhari kwa neema ambayo hakuifanyia kazi anakaribia kuipoteza.

HUKUMU YA KULALA HUMO

Tukiwageukia wa kundi la pili, tunawauliza: dalili yenu ni ipi? Katika Suratul-Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, na kwamba lau asingewakinga watu baadhi yao kwa baadhi nyingine nyumba hizo zingebomolewa. Na imepokewa na Imamu Bukhari kuhusu Ibn Abbas (RA) kwamba alikuwa akisali ndani ya kanisa isipokuwa lile lenye masanamu. Ikiwa sahaba huyu, mjuzi wa tafsiri ya Qur'ani, alisali humo lilipokuwa bado ni kanisa, vipi iwe haramu kwa msafiri kulala katika nyumba ambayo imekwisha kuacha kuwa ya misheni?

Ukuta hauna dhambi. Dhambi ni ya kitendo, na kitendo kina mwenyewe. Nyumba isiyouza ulevi, isiyokaribisha uzinifu, isiyokuwa na riba katika mapato yake, kulala humo ni halali na kufanya kazi humo ni halali, ingawa msingi wake uliwekwa na Mkristo. Na nyumba yenye hayo, kuhudumia hayo ni haramu, ingawa msingi wake uliwekwa na sharifu na mwenye nyumba anaitwa Alhaji. Kijana wetu anayepeleka chupa mezani asijidanganye kwamba yeye ni mchukuzi tu, kwani Mtume (SAW) amewataja katika laana ya ulevi mwenye kuubeba na mwenye kubebewa, mwenye kuuza na mwenye kununua. Kipimo ni hicho hicho kwa majumba yote, hakimpendelei wala hakimuonei mtu.

Jawabu hili linatosha kwa wa kundi la pili. Wa kundi la tatu jawabu lao linataka maelezo.

TUTAZAME NYUMBA ZETU

Mnasema jengo ni mawe na chokaa. Basi nendeni Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya rasi iliyo magharibi ya Chake Chake, ambako watalii hupelekwa kwa mashua. Pale pana msikiti mkubwa wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na kando yake makaburi yenye nguzo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta chini ya msikiti ule mabaki ya misikiti iliyoutangulia. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, alikitaja kisiwa cha Kanbalu kuwa kina Waislamu, na wataalamu wengi wanaona kuwa kisiwa hicho ni Pemba. Yaani watu walikuwa wakimsujudia Mwenyezi Mungu katika kisiwa hiki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, karne nyingi kabla ya mikarafuu kuletwa. Na ukipanda kaskazini, huko Chwaka karibu na Tumbe, utakuta gofu la msikiti mwingine.

Leo misikiti hiyo inaitwa nini? Inaitwa vivutio. Mgeni huingia na viatu mpaka kwenye mihrabu, akiwa na vazi la kuogelea, akapigwa picha, na kijana wa Kiislamu aliyemleta akasimama kando akisubiri bakshishi. Tusimlaumu mgeni, hakuna aliyemwambia. Na katika magofu mengi ya pwani yetu wapo watu wetu wenyewe wanaokwenda kuweka ubani, vitambaa vyekundu na nadhiri, wakaomba kwa wafu. Mmoja ameifanya nyumba ya Mwenyezi Mungu mahali pa matembezi, na mwengine ameifanya mzimu. Ni yupi kati yao aliyeiacha ikiwa ni msikiti?

Hapa ndipo tunapotaka kila jamaa asikilize vyema. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, msikiti ukishawekwa wakfu ni msikiti daima. Hata ukiporomoka, hata mji wake ukihama, haurudi kuwa mali ya mtu, wala hauuzwi. Katika madhehebu ya Imamu Ahmad imeruhusiwa kuuza mabaki ya msikiti uliokosa watu, lakini thamani yake iende kwenye msikiti mwingine. Hakuna imamu aliyesema uwe ukumbi wa kulia chakula. Ras Mkumbuu paa limeanguka, hukumu haikuanguka.

Linganisheni na Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Msikiti wa pale una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Pwani yake imejaa watalii wanaokwenda kutazama pomboo, na mahoteli yako jirani. Pamoja na hayo msikiti ule bado unasaliwa, na mgeni anayetaka kuingia huvua viatu kwa sababu amewakuta wenyewe ndani. Umri wa majengo haya si uliowatenganisha, wala watalii si waliowatenganisha. Kilichowatenganisha ni safu ya waumini. Suratut-Tawba, aya ya 18, inatufundisha kwamba wanaoiamirisha misikiti ya Mwenyezi Mungu ni wale wanaomuamini yeye na Siku ya Mwisho, wakasimamisha Sala, wakatoa Zaka. Kuamirisha hakuanzi kwa saruji.

Nyumba ya ibada haiuzwi na mnunuzi. Huuzwa kwanza na wale walioacha kuijaza. Huko Maastricht, Uholanzi, nyumba ya watawa ya karne ya 15 ni hoteli tangu mwaka 2005. Huko Nafplio, mji wa bandari wa Ugiriki, msikiti wa zama za Waturuki uligeuzwa sinema baada ya watu wake kuondoka. Mkristo na Muislamu, kanuni ni moja. Basi anayecheka na ahesabu safu za Sala ya Alfajiri katika msikiti wa mtaa wake, kisha aseme ni miaka mingapi imebaki.

WAKFU: AMANA INAYOLIWA KIMYA KIMYA

Sayyidna Umar (RA) alipopata ardhi Khaybar alimuendea Mtume (SAW) kutaka ushauri. Akaelekezwa azuie asili ya mali ile na atoe sadaka mazao yake. Akaiweka kwa sharti kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Huo ndio msingi wa wakfu, na wazee wetu wa Pemba waliufuata: mikarafuu kwa mafuta ya taa ya msikiti, minazi kwa mwalimu wa chuo, kisima kwa wapita njia, nyumba kwa mayatima.

Zimekwenda wapi? Nyingine zilichukuliwa na dola katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na hilo linajulikana. Lakini tusiitumie historia kuficha mikono yetu. Wakfu nyingi zilikuwa za mdomo tu. Msimamizi akafa, mtoto wake akaendelea kuchuma, mjukuu akaamini kuwa ni urithi, na kitukuu akampelekea mnunuzi. Hakuna mlinganiaji aliyetoka Ulaya kuja kufanya hayo. Tumeyafanya wenyewe, baina ya Sala na Sala.

Na Unguja kuna fundisho jingine. Katika mtaa wa Shangani, mbele ya bahari, lipo jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiislamu wa kabila la Harthi. Likakaliwa na wamisionari wa Kiingereza, likawa ofisi ya balozi wao, likatumiwa na serikali, na tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa ya kifahari. Aliyelijenga alilipa jina la kujivuna, kwamba mambo yake yasiigwe. Sisi tunalichukua jina hilo kuwa ni nasaha: msiige. Msiige kuacha mali ya umma bila ya hati, na msiige kuzinduka baada ya ukuta kupakwa rangi mpya.

MSALA WA MISALI

Wengine watatwambia: nyinyi watu wa dini mnapinga maendeleo. Hatupingi. Kumkirimu mgeni ni Sunna, na vijana wa Pemba wanahitaji kazi. Tunachokipinga ni biashara isiyo na mpaka, na tunao ushahidi hapa hapa kwamba mpaka unawezekana.

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, wazee husimulia kwamba mja mwema alifika hapo, akataka msala wa kusalia, usipatikane, akasema kisiwa chenyewe kiwe msala wake kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Sisi masimulizi hayo hatuyajui kuwa na sanadi, na hatujengi itikadi juu yake. Lakini tazameni yaliyotokea. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukifanya kisiwa hicho mahali pa hoteli. Wavuvi, ambao riziki yao inatoka katika miamba ile na ambao hupiga dago hapo, wakasimama kuupinga, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Baada ya hapo wavuvi wakasomeshwa uhifadhi kwa aya za Qur'ani, kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na haruhusiwi kufanya ufisadi ndani yake. Wageni wakaendelea kufika kuogelea na kutazama matumbawe, na jioni wakaondoka.

Hawakuwa mashekhe wakubwa wala wanasheria. Walikuwa wavuvi waliojua kwamba kuna kitu hakiuzwi. Je, walioweza kuulinda msala wa masimulizi, sisi tutashindwa kuilinda misikiti ya yakini?

LINALOTUPASA

Ndugu Waislamu, hatukuandika haya ili mkasirike kisha mkalale. Tunaitaka kila jamaa ya msikiti ifanye mambo manne.

Kwanza, kila kamati ya msikiti iandike wakfu wake wote: shamba, mti, kisima, nyumba, pamoja na mipaka na majina ya wazee wanaoshuhudia, maadamu wazee hao wangali hai. Kisha iuandikishe kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo sheria yake ya mwaka 2007 iliwekwa kwa kazi hiyo. Palipo na upungufu katika usimamizi tuuseme kwa adabu na kwa maandishi. Manung'uniko ya barazani hayarudishi shamba.

Pili, misikiti ya kale isiachwe upweke. Vijana wa Ras Mkumbuu, Chwaka na kwengineko washirikiane na wahusika wa mambo ya kale kufyeka magugu na kuweka kibao kinachosema kwa lugha ya mgeni: hapa ni msikiti, vua viatu, jisitiri. Anayemuongoza mgeni na amwambie hivyo kabla mashua haijatia nanga. Na wale wa ubani na vitambaa waambiwe na masheikh wao, kwa hekima, kwamba waliolala pale wanaombewa, hawaombwi.

Tatu, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, basi umma nao na useme. Mwekezaji anapofika katika shehia, sheha na kamati ya msikiti wahakikishe kwamba msikiti, mava, kisima na njia ya kwenda pwani vimetajwa katika mkataba kwa majina. Neno lisiloandikwa ndilo litakalozungushiwa uzio.

Nne, na hili ndilo la kuyatimiza yote: tuijaze misikiti. Kibao, hati na mkataba haviilindi nyumba isiyo na watu. Wakweka walikuwa na hati. Hawakuwa na safu.

Ewe ndugu yetu, utakapopita mbele ya nyumba ya zamani ya misheni, usiteme mate wala usicheke. Jiulize ni haki ya nani uliyoisoma msikitini na hukuitekeleza nje, mpaka akaja mwengine kuitekeleza kwa jina lake. Kisha ukisikia adhana, ingia.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaoiamirisha nyumba zako. Zirudishe amana zetu katika mikono ya waaminifu. Tusamehe tuliyoyapoteza kwa kughafilika, na usituchukulie kwa yaliyofanywa na wapumbavu miongoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.